Jicho Halionyeshwi

Majivu hayakufua dafu. Mama Wino akajaribu ndimu, kisha mchanga, na mwisho akachukua gunzi la mahindi akasugua ncha za vidole mpaka ngozi ikaanza kuwaka. Maji ya beseni yaligeuka rangi. Vidole havikugeuka. Weusi wa beri ulikuwa umeingia katika mipasuko ya ngozi na chini ya kucha, ukakaa humo kama mpangaji asiyetaka kuhama.

"Wifi, utafika mfupani," alisema dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa ameketi kizingitini akichambua mboga. "Na mfupa wenyewe utaukuta mweusi. Hukuitwa Mama Wino bure."

"Cheka. Wewe si una vidole vya karani."

"Vyangu vyeupe kwa kukosa, si kwa usafi. Ungekuwa na haya ungekosa na wewe, tufanane."

Mama Wino hakucheka. Askari wa msitu walikuwa wameanza nyumba za chini, na sauti za milango zilikuwa zinapanda. Kanuni mpya ilikuwa fupi. Mwenye kibali alichuma siku nne kwa msimu, na siku nne za mwaka huo zilikwisha wiki mbili zilizopita. Doa la beri hudumu siku sita. Kwa hiyo mtu aliyekutwa na vidole vyeusi siku hiyo alikuwa ameingia msituni kwa wizi, na hapakuhitajika shahidi mwingine.

Akamwaga maji nyuma ya nyumba. Akachota udongo, akaurowesha, akaanza kukandika ukuta wa mbele ambao haukuwa na ufa wowote. Askari walipofika alikuwa na matope mpaka viwikoni.

"Nyoosha mikono, mama."

"Hii hapa, mwanangu. Nikushike?"

Askari akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa kijana wa pale pale, na viatu vyake vilikuwa vipya. "Huu ukuta si ulikandikwa juzi tu?"

"Ulikandikwa na mvivu," wifi akadakia. "Mimi."

Askari wakacheka, wakapita. Lakini walikuwa wamefuatana na mtu mwingine, mwanamume mwembamba wa miwani, mwenye futi ya chuma kiunoni. Wiki nzima alikuwa akizunguka msituni akipima unene wa miti na kimo cha vichaka. Watu walikwisha kumpa jina: Bwana Futi. Yeye hakutazama mikono. Alitazama beseni lililofunikwa kando ya mlango, na kwenye ukingo wake alama ya zambarau ya vidole vitatu. Akamtazama Mama Wino.

Alasiri akarudi peke yake.

*

Beri za mteremkoni ni tunda dogo jeusi la kichaka cha miiba, na hakuna aliyepata kukipanda. Kichaka hujiotea. Lakini hakizai penye kivuli. Kikifunikwa na miti hurefuka, hutambaa, hutoa majani mapana, basi. Wanawake wa mteremkoni walilijua hilo kabla ya ofisi ya misitu kujengwa. Kila mmoja alikuwa na mahali pake ndani ya msitu, uwazi usiozidi ukubwa wa vyumba viwili, ambao jua liliuona kila siku. Waliuita jicho.

Jicho lilitunzwa. Kila mwaka wa nne, baada ya mavuno, mwenye jicho alikata fito zilizozeeka, akapunguza matawi ya miti yaliyoinamia uwazi, akakusanya taka rundo moja dogo na kulichoma mvua ilipokaribia. Mwaka uliofuata hakupata kitu. Mwaka wa pili alijaza ndoo mpaka akaazima.

Na jicho halikuonyeshwa. Mama alimwonyesha binti yake mmoja, mwaka ambao binti alitimiza ishirini. Siku hiyo mama alichuma tunda la kwanza, akaliweka katika kiganja chake, binti akalila pale pale kiganjani na kusema neno moja: "Sikuona." Baada ya hapo hata akiulizwa na mumewe, jibu lilikuwa hilo.

Kisha ofisi ikaja. Ilipiga marufuku panga msituni, kwa kuwa panga hukata miti. Ilipiga marufuku moto, kwa kuwa moto huunguza. Ikapanda miti ya nguzo, mirefu, iliyonyooka, safu kwa safu, na miti hiyo ilikua haraka kuliko watoto. Macho yakaanza kufumba. La wifi lilifumba mwaka wa saba. La jirani, mwaka wa nane. Mavuno yaliposhuka, ofisi ilibandika tangazo: beri zimepungua kwa sababu ya uchumaji holela. Ikapunguza siku. Mavuno yakashuka tena, ikapunguza tena.

Jicho la Mama Wino lilikuwa bado linapepesa. Aliingia na kisu cha jikoni ndani ya ndoo, chini ya majani, akakata alichoweza. Lakini kisu cha jikoni hakiangushi mti wa nguzo, na miti hiyo ilikuwa imelizunguka jicho lake pande tatu. Mama yake alikuwa akitoka pale na ndoo nne kwa siku. Yeye msimu huu alitoka na nusu ndoo, tena kwa wizi. Binti yake angetimiza ishirini msimu ujao. Angemwonyesha nini? Kivuli?

*

Bwana Futi alikataa kiti, akaketi kwenye kinu kilichopinduliwa. Hilo lilimpendeza Mama Wino.

"Mama, sikuja kukukamata."

"Nimeona. Umekuja bila yule wa viatu vipya."

Akatabasamu. Akaeleza taratibu, kwa maneno aliyoyachagua. Alikuwa ametumwa kutafuta sababu ya beri kupungua. Alikwisha kupima sehemu arobaini. Zote zilikuwa na kivuli, zote hazikuzaa. Yeye aliamini kwamba kosa halikuwa la wachumaji bali la miti iliyobanana. Lakini imani haiandikwi. Alihitaji mahali pamoja tu panapopata jua na panapozaa, apime mwanga, ahesabu matunda, alinganishe.

"Nikipata pamoja tu, ofisi itabidi ibadilishe kanuni. Itawaruhusu mpunguze matawi. Nitaandika mpewe vibali vya kudumu, ninyi mnaojua kazi."

"Utaandika?"

"Kwa mkono wangu."

Binti yake alikuwa anaanua nguo, na alizianua polepole kuliko kawaida. Mgeni alipoondoka akasema, "Mama, jicho halionyeshwi."

"Najua."

"Hata mimi sijaliona."

"Na ukisubiri hivi hivi utaona nini? Mwaka kesho nikupeleke nikuonyeshe giza, ule jani?"

"Yule ni mtu wa ofisi."

"Mtu wa ofisi aliyekaa kwenye kinu."

"Kukaa kwenye kinu si kutwanga," alisema binti, akaingia ndani na nguo zake.

Mama Wino alilala juu ya maneno hayo siku tatu. Siku ya nne asubuhi alimpeleka.

Njia ilikuwa ya kupinda makusudi. Ilipita kijito mara mbili, ikarudi nyuma, ikaingia chini ya mti ulioanguka. Bwana Futi alikwama kwenye miiba akachana shati, akaomba radhi kwa kichaka. Walipotokea kwenye uwazi alisimama. Jua lilikuwa limeshuka katikati kama maji ndani ya sufuria, na fito chache zilizobaki zilikuwa zimeinama kwa matunda: mekundu, meusi, mengine meusi mpaka yanang'aa.

"Subhana," alisema kwa sauti ndogo.

"Ngoja kwanza. Usipime."

Akachuma tunda moja, akaliweka katika kiganja chake. Akamweleza la kufanya. Bwana Futi alivua miwani, akainama kama mtoto anayenyweshwa dawa, akala. Midomo yake ilikuwa baridi.

"Sema sasa."

"Sikuona," alisema, akacheka kwa furaha. "Sikuona! Mama, hii ni desturi nzuri sana."

Kisha akapima. Alivuta futi kutoka mti hadi mti. Aliweka kifaa cha kupimia mwanga juu ya vichaka, akaandika. Alihesabu matunda ya fito kumi, akaandika. Aliuliza kuhusu fito za zamani, matawi, rundo la moto na miaka minne, naye akajibu kila kitu bila kuficha, kama mtu anayemwelekeza daktari pa kushika. Mwisho akamwomba akinge mikono, akaijaza beri, akaipiga picha. Mikono yote miwili, vidole vyeusi, kidole kidogo cha kulia kikiwa kimepinda kwa nje kama alivyozaliwa nacho, kama alivyozaliwa nacho mama yake.

"Kwenye fomu kuna sehemu ya mmiliki," alisema akishusha kamera. "Niandike nani?"

"Andika ni pa mama yangu."

"Alikuwa na hati?"

"Alikuwa na mimi."

Aliandika kitu. Mama Wino hakujua kusoma maandishi ya kuunganisha, lakini aliona kwamba neno lenyewe lilikuwa fupi.

*

Miezi mitano baadaye aliitwa ofisini. Alivaa gauni lake la msibani, ambalo ndilo lililokuwa zima. Njiani wifi alimsindikiza mpaka kwenye njia panda.

"Ukipewa kibali cha kudumu usituringie."

"Nitakuringia wewe tu."

Chumba cha Bwana Misitu, mkuu wa ofisi, kilikuwa na feni, ramani ya msitu ukutani, na viti viwili vya wageni vilivyokuwa vifupi kuliko cha mwenyeji. Karani alikaa pembeni na daftari. Bwana Futi alikuwa karibu na dirisha. Alisimama alipomwona akiingia, kisha akakaa, kisha hakujua aiweke wapi mikono, akaanza kuivuta na kuiachia futi yake.

"Karibu mama, kaa," alisema Bwana Misitu. Alikuwa mtu mnene, mwenye adabu. "Hii ripoti ni nzuri sana. Kazi ya kisomi. Sasa, ukurasa wa kumi na nne. 'Mchumaji hukata fito zilizozeeka na matawi ya chini kila mwaka wa nne.' Ni kweli?"

"Kweli, bwana. Ndiyo maana zinazaa."

"Sijauliza kuzaa. Nimeuliza kukata."

"Usipokata hazizai. Yeye mwenyewe amepima."

"Kwa hiyo umekata."

Feni ilizunguka. "Nimekata."

"Andika," Bwana Misitu alimwambia karani. "Amekiri. Na taka unachoma?"

"Rundo dogo tu, bwana, mvua ikiwa mlangoni. Majivu yake ndiyo chakula cha mizizi."

"Andika na moto."

Kalamu ya karani ilikwaruza karatasi. Bwana Misitu akafunua ukurasa mwingine na uso wake ukachangamka. "Hapa pamenifurahisha. Kuna maneno ndani ya kisanduku. 'Kwa mujibu wa mila, mgeni hula tunda kiganjani mwa mwenyeji na kutamka *sikuona*, kisha huruhusiwa kuona.'" Akacheka. Karani naye akacheka, kwa kiasi. "Mnaona mambo haya? Yana utamu wake. Yatawekwa kwenye kijitabu cha watalii."

Mama Wino alimgeukia mtu wa dirishani. "Si ulisema hukuona?"

"Mama, mimi..." Futi ilijirudisha ndani ya kasha lake kwa mlio mkali. "Mimi nilidhani ni desturi tu."

"Ndiyo. Ni desturi."

"Niliandika mpewe vibali. Ukurasa wa mwisho, mapendekezo. Nimeandika kwa herufi nzito kabisa."

"Na mapendekezo tumeyapokea," alisema Bwana Misitu. "Mtaalamu ametuthibitishia kwamba mwanga ukiongezeka beri huongezeka. Serikali imesikia. Mteremko wote utafunguliwa. Kuna kampuni yenye uwezo. Itaondoa miti ya nguzo, itapanda beri kitaalamu, itaajiri watu. Sehemu yako ndiyo itakayoanza, maana ndiyo iliyothibitika." Akafunga ripoti, akalipapasa jalada lake. "Umefanya jambo kubwa kwa nchi, mama. Lakini sheria haina shukrani. Kibali chako kimefutwa. Na kaya yako inaingia kwenye orodha ya waharibifu wa msitu. Weka dole gumba hapa."

Karani akamsogezea kidau cha wino. Mama Wino alikitazama kidole chake. Msimu ulikuwa umepita, kilikuwa safi. Akakichovya.

*

Miaka yote, kufungua jua kwa kisu kulimchukua Mama Wino siku sita, tawi kwa tawi, akirudi nyuma kila mara kutazama mwanga ulipoangukia. Mashine zilimaliza mteremko kwa siku tisa. Alizisikia kutoka nyumbani. Miti ilipoanguka vyombo vilitetemeka kwenye kichanja, na binti yake alivishika kwa mikono yote miwili, bila kusema alichokuwa na haki ya kusema.

Mara moja Mama Wino alikwenda mpaka kwenye uzio. Alitaka kumwambia mwenye tingatinga kwamba mizizi ya beri haiendi chini zaidi ya kiganja, kwamba gurudumu moja linatosha kuiua, na kwamba jua la kutwa nzima bila tawi hata moja huchoma ua kabla halijawa tunda. Mwenye tingatinga alikuwa amevaa viziba masikio. Alimpungia mkono kwa ukarimu.

Mvua ya kwanza ilishusha udongo wote wa juu. Kijito kilipita na rangi ya beri kwa siku mbili. Kisha wakaja watu na viriba vya miche kutoka mbali, wakaipanda kwa safu, juu ya karatasi za plastiki nyeusi.

Siku ya kuajiri ilikuwa moja. Binti alikuwa amehamia kwa wifi, shangazi yake, mwezi mzima kabla, na kwenye fomu aliandikwa mtoto wa nyumba ile. Alimwomba mama yake kitu kimoja. "Usije siku hiyo, mama. Tafadhali."

Alikuja. Unga ulikuwa umekwisha tangu juzi, na alijiambia kwamba askari wa kampuni walikuwa wageni, pengine hawakupewa orodha. Alipanga foleni mbele, mbali na binti na wifi. Juu ya lango palikuwa na bango pana kuliko nyumba yake. MSITU NI WETU SOTE, lilisema, na chini ya maandishi palikuwa na mikono miwili iliyojaa beri, kila mmoja mkubwa kama mlango. Vidole vilikuwa vyeusi. Kidole kidogo cha kulia kilipinda kwa nje.

"Nyoosha mikono," alisema askari.

Kampuni ilikuwa imeichukua kanuni kama ilivyo: mwenye doa ameiba, haingii. Akanyoosha. Vilikuwa vidole vyeupe, vikavu. Askari akaridhika, akauliza kaya, akapitisha kalamu kwenye karatasi. Kalamu ikasimama.

"Waharibifu. Toka kwenye mstari."

"Baba, mimi najua kuchuma. Hakuna hapa anayejua kama..."

"Mama, toka. Unazuia watu."

Alitoka, akasimama kando ya nguzo ya bango. Foleni ikasogea. Wifi akapita kwa kichwa kilichoinama. Kisha binti akanyoosha mikono yake, na askari akaishika, akaigeuza, akakishika kidole kidogo cha kulia.

"Hiki kidole nimekiona sasa hivi." Akageuka. "Wewe mama. Rudi hapa. Huyu ni nani wako?"

Mama Wino alimtazama binti yake kuanzia kitambaa cha kichwani, kilichokuwa chake, mpaka kwenye kandambili.

"Sijawahi kumwona."

"Vidole vimefanana."

"Vidole vingi hupinda, baba. Ni kazi."

Askari akamrudia binti. "Na wewe? Unamjua?"

Macho ya binti yalishuka kwenye viganja vya mama yake, ambavyo vilikuwa bado vimekingwa mbele, vitupu, kana kwamba amevisahau.

"Sikuona," alisema.

"Hukuona nini?"

"Sikuona mtu."

Askari alisonya, akaweka alama kwenye karatasi. Kutoka kwenye boksi alimtolea glovu za mpira, nyeupe. "Vaa hizi. Hatutaki madoa. Pita."

Binti akapita chini ya ile mikono mikubwa, na hakugeuka nyuma.

Mama Wino akabaki kando ya nguzo. Kutoka pale aliuona mteremko mzima, juu mpaka chini, mweupe kwa jua, bila mti hata mmoja wa kumkinga macho. Alitafuta mahali kijito kilipopinda mara ya pili. Alitafuta mti ulioanguka. Akaanza upya kutoka chini, safu kwa safu, plastiki kwa plastiki, na hakuweza kujua jicho lake lilikuwa wapi.